Réalisateur hakusema «coupez»

Leo nimepiga kelele ya «muivi!» ndani ya filme, kartie muzima ikaniamini.

Bandugu, musikilize.

Tulikuwa kartie ya Hewa Bora, tunatourner filme ya maisha ya Lubumbashi. Scène ilikuwa mwepesi: rafiki yangu Trésor ananinyanganya sakoshi yangu ya mukono, anakimbia, mi napiga kelele. Réalisateur, ule mwenye kuongoza filme, alijificha na camera ndani ya motokari, ati ionekane ya kweli.

Nikalia: «Muivi!»

Weee! Bamama bakatoka banagonga masufuria. Filimbi zikalia kila lupango, kila nyumba. Trésor hakufika hata kwa kona. Mutu moja akamutupia tofari kwa mugongo. Mwingine fimbo kwa kichwa. Damu ikamujaa macho.

«Mumuache! Ni filme!» Nikajirusha juu yake.

Mama moja akanivuta kwa mukono: «Toka, dada. Bote banasemaka vile.»

Na Trésor mwenyewe? Aliendelea kucheza! «Munisamehe, sitarudia tena!» Juu ya ile réalisateur alitukataza kuacha kucheza kabla hajasema «coupez», ni kusema «kata».

Nikaangalia motokari. Kioo kiko wazi. Camera inatourner tu.

Papa moja, muzee wa kanisa, njo alimulalia juu, akamuokoa.

Mungekuwa miye, ule réalisateur mungemufanya nini? Muniambie.

Niko kwa lopitalo. Bametoka kumushona kichwa. Trésor amefungua jicho moja, ananiuliza polepole:

«Alishasema coupez?»