Bwawa Tulilolipoteza kwa Kucheka

Nakumbuka siku moja, mwanangu, tulicheka mpaka tukapoteza bwawa. Usishangae, hata mimi, na cheti changu chote cha shule ya jioni, mpaka leo sijaelewa sawasawa.

Bwawa lenyewe lilikuwa bondeni, njia ya kwenda Kitomanga. Asubuhi waliogelea kina mama, alasiri wanaume, na katikati ya hapo sisi watoto wa mji mzima, kila mmoja akijifunza kwa kumeza maji ya kutosha kumwagilia shamba la mpunga. Kina chake? Kingemeza mnazi na madafu yake.

Ikaja miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Tajiri mmoja akalitaka, alizungushie seng'enge ajenge gesti. Akatumwa bwana ardhi, kijana wa bara, aulize jambo moja tu: bwawa lilichimbwa na nani? Likiwa la jasho la wenyeji, hapewi mtu.

Wakasimama wazee wawili. Mzee Nandonde, Mmakonde, akasema lilichimbwa na Wamakonde, kwa huruma, maana Wamwera zamani hizo walioga msimu wa mvua tu. Mzee Hamisi, Mmwera, akamjibu taratibu, "Mlikuwa mkifukua panya, mtani. Maji yakawatokea, mkakimbia." Tukacheka hadi kuku wakapanda mapaani. Wakaendelea hivyo mpaka adhuhuri, kama watani wafanyavyo hata msibani.

Kijana hakucheka. Labda kwao hawana utani, sijui. Akasema, "Basi, wazee wangu, kama hamjui aliyelichimba, halina mwenyewe." Tukacheka tena, tukidhani naye kaanza kutania.

Seng'enge ikafika, bwawa likafungwa. Nikamwendea Mzee Hamisi, nikampa shikamoo, nikamwuliza ukweli hasa ni upi.

"Marahaba. Walilichimba baba yangu na baba yake Nandonde. Jembe lilikuwa moja, wakipokezana."

Nikamwuliza, sasa mbona hakusema? Akanitazama kama mimi ndiye nisiyejua mambo.

"Niseme mbele ya mtani?"

Mwanangu, husemwa penye wazee haliharibiki neno. Siku ile walijaa wazee, na neno likaharibika. Sijui tumlaumu nani. Ila shika hili: utani ni wa wanaojuana. Mgeni akikuuliza asili ya kilicho chako, mpe ukweli kwanza, hata mtani wako akiwa kasimama pembeni anakusubiri. Kisha mtaniane mpaka jua lichwe. Mzaha mzaha, hutumbuka usaha.

Mola akujaalie watani wengi, na akulindie chako wakati unacheka nao. Amin.