Matairi Mapya ya Fundi Vioo

Pikapu ya fundi vioo ilikuwa na umri wa kuoa, na matairi yake yalikuwa na umri wa darasa la tano. Umri wa pikapu aliujua vizuri, maana aliinunua mwaka aliozaliwa binti yao wa mwisho. Umri wa matairi aliambiwa siku alipokwenda kuyabadilisha. Mpaka hapo aliamini ni ya juzijuzi, kama wanaume wengi wanavyoamini kuhusu kila kitu walichonunua wenyewe.

Mtaani walimwita Bwana Milimita. Kwa miaka thelathini na moja alikata vioo vya madirisha katika karakana ndogo iliyopakana na mashine ya kusaga, ambako vioo vilivyoegemezwa ukutani vilitetemeka kutwa nzima bila kuvunjika. Alikuwa na meza iliyotandikwa zulia kuukuu, rula ya mbao ndefu kuliko yeye, na kikatio chenye gurudumu dogo alichokichovya kwenye mafuta ya taa kabla ya kila mkato. Mteja aliyemharakisha alijibiwa kwamba kioo hakitiwi kiraka. Kisha vioo vilipandishwa kwenye pikapu, vikasimamishwa kwa ubavu kwenye fremu ya mbao, vikafungwa kamba, vikapelekwa. Miaka yote hiyo alivunja viwili tu barabarani, na vyote viwili angekutajia tarehe na dereva wa lori aliyehusika.

Kazi hiyo ilikufa bila tangazo. Madirisha yalianza kuja kutoka kiwandani yakiwa kamili, fremu na kioo chake, yamezungushiwa plastiki kama zawadi. Watoto nao, ambao zamani walikuwa nguzo ya biashara, waliacha kupiga mpira uchochoroni wakakaa ndani na simu. Fundi hakumlaumu mtu. Aliendelea kufungua karakana saa mbili asubuhi, kuifagia, na kuifunga saa kumi.

Mkewe alikuwa mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, aliyeweza kulinyamazisha darasa la watoto sabini kwa kuvua miwani. Hata miaka miwili haijatimia tangu astaafu, ugonjwa ukaingia kwenye mifupa ya mgongo wake ukafanya makazi. Daktari aliwaonyesha picha, akaeleza kwa upole, akatumia neno "kutuliza" mara nyingi, na neno "kuponya" hakulitumia hata mara moja. Mwalimu alihesabu. Fundi aliuliza kama dawa zinywewe kabla au baada ya chakula.

Tangu hapo pikapu ikawa gari la kila siku: Jumanne na Ijumaa kliniki, siku nyingine duka la dawa, sokoni, kwa shemeji. Na hapo ndipo tatizo lilipojitokeza. Pikapu ile ilizaliwa kubeba tani moja. Springi zake zilikuwa za tani moja, na matairi yake ya mzigo, magumu kama kisigino cha mpagazi. Ikiwa tupu, na watu wawili tu mbele, iliruka kila shimo na kila tuta, na mruko wote ulipanda moja kwa moja kwenye mgongo wa mwalimu. Hakulia. Alishika mpini ulio juu ya mlango, akatazama mbele kama mtu anayekumbuka jibu.

Jumanne moja, vioo kumi na viwili vilikuwa tayari mgongoni mwa gari, vya mteja aliyeahidi kuwa nyumbani saa tano. Fundi akaona ampeleke kwanza mkewe kliniki. Gari lilikaa chini, likaenda limetulia kama kitanda. Mteja hakuwepo saa tano, wala siku nyingine yoyote. Alikuwa amekwisha nunua madirisha ya kiwandani. Lakini waliporudi nyumbani, mwalimu alisema, "Leo imetulia."

Fundi hakuvishusha vioo vile tena.

Kumi na viwili, unene milimita tano, kilo mia tatu na ushei. Kila Jumatatu alivifuta vumbi na kukaza kamba. Kila safari alimweleza mkewe kwamba wakitoka kliniki atavipitisha mahali: leo kuna mtu nyuma ya benki, keshokutwa kuna mama anajenga karibu na tangi la maji. Kwa miezi saba mji ule ulijaa watu wanaoagiza vioo halafu hawapatikani nyumbani. Mwalimu alisikiliza habari zao, akawasikitikia.

Ijumaa moja, mlinzi wa kliniki aliinama nyuma ya gari akapiga mluzi.

"Mzee, tairi lako lina mimba."

Kweli, tairi la nyuma la kushoto lilikuwa limetokeza uvimbe ubavuni, mkubwa kama chungwa. Fundi alichuchumaa akautazama kwa muda mrefu kuliko ulivyohitaji kutazamwa. Akaubonyeza kwa kidole gumba. Kisha akainuka na uso uliochangamka kidogo, na mlinzi, asiyejua mengine, akashangaa mtu kufurahia tairi bovu. Lakini huu ulikuwa uvimbe ambao dawa yake iko dukani.

Walikwenda kesho yake, Jumamosi. Mwalimu alisisitiza waongozane.

"Utachoka bure, mama watoto. Ni matairi tu."

"Nataka kutoka nje siku isiyo na sindano," alisema. "Hata kama ni kwenda kuangalia mpira mweusi."

Duka la matairi lilikuwa kwenye kona, matairi yamepangwa mlangoni kama nguzo za jengo la serikali. Mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo ndani ya ovaroli, chaki nyuma ya sikio. Alilizunguka gari mara moja, akapiga goti, akafuta ubavu wa tairi kwa kitambaa.

"Baba, unaona tarakimu hizi nne? Mbili za kwanza wiki, mbili za mwisho mwaka. Haya yametengenezwa miaka kumi na moja iliyopita."

"Haiwezekani. Meno bado yapo."

"Meno hata maiti anayo." Akachimba ufa kwa ukucha. "Mpira umekauka. Hapa unaendesha kwa dua."

Kutoka ndani ya gari, dirisha likiwa wazi, mwalimu alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kwa sababu kicheko kirefu kilimuumiza.

Mama wa matairi akatoa matatu, akayasimamisha kwenye sakafu. La kwanza lilikuwa la meno makubwa: "Hili wanapenda vijana. Linanguruma kwenye lami, jirani anajua umerudi." La pili lilikuwa la mzigo, zito, kuta nene. La tatu lilikuwa la barabarani, laini, ubavu wake ukibonyea ukiusukuma kwa kiganja.

Fundi hakulitazama la tatu. Aliweka mkono juu ya lile la mzigo.

"Haya. Manne."

"Subiri kwanza, baba. Gari linabeba nini?"

Ni swali ambalo kila muuza matairi huuliza, na halina ubaya. Bila jibu lake hakuna tairi linaloweza kuchaguliwa. Fundi alielekeza kidevu nyuma.

"Si unaviona? Vioo."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Vingi hivi hivi?"

"Wakati mwingine zaidi."

"Na leo vinakwenda wapi?"

"Kwa mteja. Kuna mtu..." Fundi alitafuta mtaa ambao hajautumia. "Kuna mtu upande wa shule ya zamani."

"Baba watoto," sauti ilitoka dirishani, ile ya darasani. "Mwambie ukweli. Mteja ni mimi."

Mashine ya kujazia upepo ilikuwa inanguruma pale ndani, kisha, kama mtu asiye na adabu, ikanyamaza.

"Kioo cha tatu kutoka kulia kimemeguka pembe," mwalimu alisema, taratibu. "Nilikiona mara ya kwanza. Mara ya pili nikadhani ni kingine. Mara ya tatu nikajua. Watu wanaojenga hawawezi wote kukikataa kioo kimoja kwa miezi saba."

Fundi aliitazama mikono yake. "Nilitaka gari litulie."

"Najua. Lilitulia. Asante." Akapumzika kidogo. "Lakini ukinunua hayo magumu tutavibeba hivyo vioo mpaka lini? Na ulivyozeeka, kamba ikikatika?"

Mama wa matairi alikuwa ameshika chaki yake akiikagua. Akajibu kile alichoweza kujibu.

"Tairi la mzigo bila mzigo, mama, ni kama kuvaa buti za jeshi kwenda chooni. Hili laini litakubeba vizuri. Watu wawili, kikapu, begi. Ila baba," akamgeukia, "ukiliwekea vioo kama hivyo litapasuka. Siwezi kukudanganya. Ukichagua hili, vioo basi."

"Na kazi ikipatikana?"

Fundi mwenyewe alisikia jinsi swali lilivyotoka, na akajua hakuliuliza kwa ajili ya kazi. Kazi aliizika zamani, kimya kimya, akabaki kufagia kaburi. Shida ilikuwa nyingine, na hakuwahi kuitamka hata kwa nafsi yake. Maadamu vioo vilikuwa nyuma, yeye alikuwa fundi anayepeleka mzigo na mkewe ameomba lifti njiani. Vikishuka, atakuwa mume anayempeleka mkewe kliniki, hana safari nyingine, na gari halina jambo lingine la kubeba.

Akalisogelea lile la tatu. Akalisukuma kwa kiganja. Likabonyea, likarudi.

"Haya haya," alisema. "Manne."

Vioo vilishushwa kwanza, maana jeki haipandishwi chini ya kioo. Alikataa kusaidiwa. Kimoja kimoja, vyote kumi na viwili, alivibeba kifuani uso umegeuzwa pembeni, akaviegemeza kwenye ukuta wa duka juu ya magunia, akamwomba mama wa matairi amtunzie mpaka apate gari la kukodi. Shati lilimganda mgongoni. Mwalimu alimtazama kupitia kioo cha mbele, midomo ikicheza kidogo, alikuwa anahesabu.

Kisha akasaidiwa kushuka, akaketi kwenye kiti cha plastiki, na magurudumu yakaanza kufunguliwa. Mpaka la nne lilipokaa mahali pake jua lilikuwa limeshahamia upande wa pili wa barabara. Mama wa matairi akaja na mpira wa upepo na kipimo, akataka kuwachangamsha.

"Mama, una kilo ngapi nikupimie upepo wako?"

"Arobaini na moja," mwalimu alisema.

Ulikuwa utani, na mwenye utani aliona haya. Aliinama akajishughulisha na kifuniko cha upepo. Fundi hakuwa anaijua namba ile. Kliniki alikuwa akibaki nje kila mara, akilinda vioo.

Waliondoka. Mita mia mbili mbele kulikuwa na tuta, na fundi alilipanda akiwa ameshikilia pumzi. Gari lilibonyea, likashuka, na mwalimu akatoa sauti, "Aah," kubwa, bila kuificha.

Fundi akasimama pembeni palepale. "Imeumiza? Turudi? Tumwambie apunguze upepo?"

"Upepo hauna kosa. Gari liko vizuri." Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga, akaivaa. "Hata na vioo ilikuwa inauma. Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa unafurahi."

Pikipiki zilipita. Mtu mmoja alipiga honi akitaka wasogee, kisha akawazunguka.

"Inauma wapi?" fundi aliuliza.

Alikuwa amemwuliza mara nyingi kama inauma. Wapi, hakuwahi. Mwalimu alimtazama kuona kama anataka jibu kweli, akaona mkono wake umetoka kwenye gia na umekaa pajani, unasubiri.

"Endesha nikueleze," alisema. "Inaanzia hapa, chini ya shingo."

Fundi akatia gia. Mwalimu alianza na pingili ya kwanza, akashuka nayo polepole, kila moja na habari yake: ipi huuma asubuhi, ipi usiku, ipi imeacha kuuma na kwa nini hilo lilimtisha kuliko zote. Walipofika nyumbani alikuwa hajafika kiunoni. Fundi alizima injini, akabaki ameketi, akisikiliza.