Nilijiita Enjenyeri wa Chombo cha Kavira

Nimekosa! Musinitafutie shetani wa kumusingizia, wala musiseme ni vita. Vita ilikuwa pale, ndiyo, lakini haikunifungua kinywa kwa nguvu. Kinywa ni changu mwenyewe. Jina langu sitaliweka hapa, maana Masisi ni kadogo na mama yangu angali anaimba kwaya.

Nilikuwa nafanya kazi kwa Papa Kambale, mufanyabiashara aliyetoka Butembo. Mbele ya duka aliuza sabuni na chumvi. Nyuma kulikuwa ordinatere moja, yaani kompyuta ya mezani, portable moja ya kubeba mukononi, pano ya jua juu ya mabati ya kutupatia umeme, na mimi, wa kuandika barua za watu na kutoa fotokopi. Siku ya ukungu, na ukungu wa Masisi hauombi ruhusa, kazi ililala.

Ndipo akaja Kavira, binti ya kaka yake Papa Kambale. Alikuwa anasoma mambo ya ordinatere, masomo yakakatika juu ya vita, wakamutuma kwa baba yake mudogo asaidie duka. Muntu wa kunyamaza. Lakini ile akili, ee Mungu wangu!

Jumapili moja baada ya misa tulienda sali ya video, ule ukumbi wa sinema, kuangalia filamu ya watu wanaopigana huko kwenye nyota. Vyombo vya anga vinalipuka, sisi wote tunapiga kelele. Kavira yeye alikuwa anahesabu madirisha.

"Kaka," ananiambia tukitoka, "ile kubwa yenye ilianguka mwisho, nitaijenga."

"Na mbao gani?"

"Mbao ya nini? Mule ndani ya ordinatere."

Na akaijenga kweli! Unaanza na kisanduku kimoja kwenye kioo. Unavuta kona, unakata, unakunja, unaongeza kisanduku kingine, mpaka kitu kinapata mabawa na tumbo. Alitafuta ile filamu, akawa anaisimamisha kila hatua na kupima urefu kwa rula juu ya kioo. Miezi mingi! Mashini ikipata joto tunaipepea na karatoni ya sabuni. Picha moja kamili, yenye kivuli na mwangaza, mashini iliitoa muda wa misa zote mbili za Jumapili, tena ukungu ukiingia katikati tunaanza upya.

Nyuma ya chombo alitundika kamba yenye nguo zinaanikwa.

"Filamuni haikuwa na ile," nikamwambia.

"Watu wa mule hawafuake nguo?"

Kazi yangu ilikuwa gani? Nilichagua rangi. Kijivu. Basi, njo ile tu, hakuna ingine!

Sasa sikieni ujinga wangu. Nilitumwa Goma kuleta wino. Pale kwenye nyumba ya interneti nikaingia katika kundi la watu wa dunia yote wanaojenga vyombo vya filamu kama vile. Nikaweka picha za chombo cha Kavira, nilizokuwa nazo katika simu. Hata sijamaliza soda, sifa zinaanguka kama mvua! Muntu mumoja akauliza: ni nani ameijenga?

Nikaandika: mimi.

Neno dogo! Lilinitoka pasipo jasho.

Niliporudi Masisi, habari ilikuwa imenitangulia kwa simu za vijana. Wakaanza kuniita Enjenyeri. Enjenyeri huku, Enjenyeri kule, mpaka mama wa kuuza kasiksi, ile pombe ya ndizi, ananifutia kiti. Kavira alinitazama mara moja tu.

"Kaka, eti ni weye umeijenga?"

"Nilisema ni sisi. Watu wanasikiaka vibaya."

Akacheka kidogo, akarudi kwenye mashini. Kile kicheko kilipaswa kuniuma. Hakikuniuma hata!

Kisha vijana wa Goma waliokuwa na sali ya maonyesho ya michoro wakamuita Enjenyeri, yaani miye, aje kueleza kazi yake. Papa Kambale akafurahi sana, akatutafutia nafasi katika lori ya Fuso iliyokuwa inashusha maharagi Goma. Kavira alibeba portable yenye chombo chake ndani. Mimi nilibeba afishi tatu, makaratasi makubwa ya picha, zilizokunjwa: chombo kwa mbele, kwa ubavu, kwa juu, na vipimo vyote vimeandikwa pembeni. Alizichapisha mwenyewe, karatasi kwa karatasi, akazibandika na gundi. Juu ya magunia tulikaa na Mama Bahati, mulimaji wa vilima vya kule, aliyekuwa anasindikiza maharagi yake. Tuliimba njia nzima, na ile njia ilivyo na mashimo, tuliimba tukirushwa.

Mbele ya kufika Sake, bariyeri, gogo limekata njia. Watu wenye bunduki, wa kundi gani sisemi, wakati ule makundi yalikuwa yanabadilika kama hali ya hewa. Mumoja akanyoosha afishi chini, mbele ya gari.

"Hii ni nini?"

"Ni ndege ya filamu, shefu," shofere akajibu.

"Filamu yenye iko na vipimo? Nani alichora hii silaha?"

Shofere wetu, maskini, muntu wa kujivunia watu wake, akanionyesha na kidole: "Njo huyu! Enjenyeri wetu!"

Macho yote kwangu. Na mimi, wasomaji, siku ile ndiyo nilisema ukweli kwa mara ya kwanza.

"Apana, shefu! Ni huyu dada. Miye ni wa kuandika barua tu!"

Munaona? Kazi ya sifa ilikuwa yangu. Ya kesi nikamupatia mwenyewe.

Kavira hakubisha. Alishuka na portable yake kifuani. Shefu akamuambia shofere aondoe gari, linafunga njia, na mwenye kutaka kubaki na huyu binti abaki. Munajua vita yetu. Munajua maana ya kuacha binti wa watu mahali kama pale. Mimi nilijua pia. Nikashika gunia kwa mikono miwili kama muntu anayezama.

Mama Bahati akakusanya kitenge chake, akashuka.

"Mama, na maharagi?" shofere anauliza.

"Maharagi iko na miguu? Itaningojea Goma. Mutoto wa watu habaki peke yake."

Fuso ikaondoka, na mimi juu yake. Hatukuimba tena.

Kesho yake nilienda kwenye ile sali. Musiniulize kwa nini! Nilijiambia nitaomba musaada pale. Lakini walinipokea kwa makofi, wakanisukuma mbele, na mimi nikasimama, mikono mitupu, nikaanza kueleza kijivu. Dakika nzima juu ya kijivu!

Kijana mumoja akauliza: "Enjenyeri, ile mviringo ya moteri uliikunja namna gani?"

Pale mulango ukafunguka. Kavira! Vumbi mpaka kwenye nyusi, portable kifuani, Mama Bahati nyuma yake. Moyo wangu uliruka kwa furaha, kisha ukakumbuka.

Kavira alitafuta kiti. Ni Mama Bahati aliyesimama mulangoni, mikono kiunoni:

"Huyu njo munaita Enjenyeri? Jana kwenye bariyeri alisema si yake. Leo tena imekuwa yake?"

Sali yote ilicheka, kicheko cha kutikisa mabati. Hata mimi karibu nicheke, kama isingekuwa mimi.

Nikasema, "Ni yake. Yote. Miye nilichagua rangi." Nikashuka.

Kavira akapanda, akafungua portable, akawaeleza mpaka saa ya chakula. Njo pale nilisikia yaliyowapata kule bariyeri. Aliwafungulia wale watu wa bunduki mashini, akazungusha chombo mbele yao. Wakasogea na bunduki zao kama watoto. Shefu akauliza silaha iko wapi. Kavira akamujibu: "Hakuna, ni ya kubeba watu." Alipoona nguo zimeanikwa nyuma, shefu alicheka mpaka akakaa chini. Mama Bahati akachukua nafasi ile ile kumuomba njia, na hakuacha kumuomba mpaka wakaachiliwa. Afishi zilibaki kule, portable ikarudi.

Wale vijana walimuomba Kavira abaki Goma afundishe. Akabaki. Mimi nilirudi Masisi. Papa Kambale hakunipiga, hakunitukana. Alinyoosha mukono tu, nikamupa funguo za duka. Leo ninaandika barua za watu barazani, kwa kalamu.

Baadaye nilimufuata Kavira Goma, nikaomba musamaha mbele ya wanafunzi wake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipatia chai.

"Kaka, kusamehe nimekusamehe," akasema. "Lakini kusafiri na weye tena, apana."

Ndugu zangu, dada zangu, mwenye kushika ashike. Kazi ya mwenzako ikisifiwa, taja jina lake kabla ya lako. Na siku wakimushusha kwenye gari, shuka naye. Magoti yatatetemeka, ndiyo. Shuka nayo vile vile!