Majaruba na Mtani Wangu

Mwaka 1994, kiangazi, nikiwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, mimi na mume wangu tulishuka treni Igalula na mashoka mawili, jembe na sufuria. Kijiji kilitupa pori. Tulikata miti, tukachoma visiki, na bondeni tukainua matuta ya majaruba ya mpunga. Jirani wa pekee alikuwa Mgogo aliyetutangulia kwa mwaka mmoja. Yeye na mume wangu walipanda minyaa kuwa mpaka, nami nikiwashikia kamba.

Wanyamwezi na Wagogo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokatiza Ugogo na mizigo mabegani, wakiomba maji. Kwa hiyo jirani yule hakuwahi kunisalimu kiungwana.

"Mlikausha visima vyetu mkaenda zenu," alisema kila mavuno. "Majaruba haya ni fidia yangu."

"Chukua," mume wangu alimjibu, "ila na mke umchukue, tuone kama utamweza."

Mume wangu alifariki tarehe 14 Machi 2016. Mtani alishuka kaburini, akalala, akakataa kutoka mpaka apewe jogoo. Nilicheka huku machozi yakinitoka.

Kusoma nilijifunza nikiwa na miaka thelathini na sita, katika darasa la watu wazima kanisani. Ndiyo maana tarehe 5 Septemba 2022 niliusoma mwenyewe ubao wa ofisi ya kijiji: hati yangu ya kimila ya kumiliki ardhi imezuiwa, majaruba yana mgogoro wa mpaka, yasilimwe. Wapimaji, vijana waliotoka mbali, walikuwa wamemuuliza mtani majaruba ni ya nani. Alijibu kama alivyozoea: "Yangu." Wakaandika.

Kwa wiki tano sikumwendea. Niliona aibu kuomba kilicho changu. Lakini mawingu yalianza kukusanyika, na nisipolima nitakula nini? Nikaenda.

"Umeniletea mchele wangu?" akauliza.

"Leo sina utani."

Akaweka chini mpini aliokuwa akiuchonga. Nilimsomea maneno niliyoyanakili ubaoni. Akaniomba nirudie.

"Wameandika mimi nakunyang'anya?"

"Wameandika ulivyosema."

Alibaki akiutazama ule mpini.

Jumatano, tarehe 9 Novemba 2022, baraza la ardhi la kijiji lilikaa kusikiliza shauri letu. Mtani alikuja amevaa shati lililopigwa pasi, akasimama.

"Majaruba ni ya huyu mama."

Wajumbe wakaangua kicheko. "Haya, malizia," mmoja akamwambia, akingoja kichekesho. Mtani akavua kofia. Akasema kwamba minyaa aliipanda yeye na marehemu, kwamba ng'ambo ya pili hana hata tuta moja, na kwamba hajapata kumdhulumu shemeji yake. Shemeji: neno hilo hakuwahi kuniitia. Kicheko kikakatika.

Aliweka dole gumba, mimi nikatia saini, na saa sita kasoro robo mwenyekiti wa kijiji akagonga muhuri kwenye hati yenye jina langu.

Nje nilimwambia asante. Akanitazama kana kwamba nimemtukana.

"Basi, mwizi wewe," nikasema, "njoo nyumbani ule."

"Nile wali wangu?"

"Wali wangu," nikamsahihisha, naye akavaa kofia yake, akanifuata.