Ugali wa Moto Kidevuni

Baba mkwe wangu mtarajiwa alitoa sharti moja tu: siku ya ndoa nifike kanisani nimenyoa. Nilikuwa nimerudi Usevya kutoka mgodini Mpanda na ndevu zilizofunika shingo yote, na mzee alisema wazi kwamba hawezi kumwoza binti yake kwa kichaka. Padri wetu mwenyewe alikuwa na ndevu mpaka kifuani, lakini za padri zilihesabiwa kuwa mali ya Kanisa.

Mwenye wembe pale kijijini alikuwa bibi yangu, mama yake baba, ndiye aliyenilea. Alinyoa watoto na wafiwa, na hakuna aliyetoka mikononi mwake na damu. Kwa utani wa bibi na mjukuu aliniita mume wangu tangu natambaa, na nikiumwa tumbo aliwatangazia majirani kwamba mumewe ana mimba. Basi asubuhi ya ndoa nikakaa kwenye kigoda uani, kifua wazi, nikamwambia aninyoe.

"Ndevu hazinyolewi kavu, mume wangu. Zinalainishwa kwanza."

Akazipunguza kwa mkasi, akanipaka maji ya moto na sabuni, kisha akaupima unywele mmoja kwa kucha. "Bado. Hii ni miiba." Kengele ya kwanza ya kanisa ikalia. Akaleta mafuta ya nyonyo. Bado. Akaleta maji ya mchele, maana sisi watu wa mpunga tunaamini hakuna kisichotibika kwa mchele. Yakakaukia juani, ndevu zikasimama kama kola ya karani, hata mdomo ukawa mzito kufunguka.

"Umeona? Ni kaidi kama mwenyewe," akasema, na alionekana kuridhika.

Ndipo akasonga ugali. Akaufunga wa moto kwenye kitambaa, akanibandika kidevuni, fundo likakaa utosini. Kuku wote wa ua wakaja. Jogoo akaruka mapajani kwangu akaanza kudonoa. Mimi, bwana harusi, mtu niliyezoea baruti, nikawa napigana na jogoo kwa sababu ya chakula kilichofungwa usoni mwangu. Kengele ya pili ikalia.

"Bibi, ikilia ya tatu sipo, mzee anamrudisha binti nyumbani."

"Mke mwenzangu asubiri. Mimi nilikuoa kwanza."

Nilikasirika. Kukasirikia utani wa bibi ni kukosa adabu, najua, lakini niliung'oa ule ugali nikautupa, kuku wakaukimbilia. Nikashika kidevu. Ndevu zilikuwa laini, na inaonekana zilikuwa zimeshalainika tangu yale maji ya moto ya kwanza. Wembe ulikuwa bado umefungwa kwenye pindo la kanga yake, hajaunoa.

"Unanichelewesha makusudi," nikasema.

Akakaa chini, palepale penye majivu. "Ukishanyolewa unaondoka. Keshokutwa nyie wawili mnapanda lori la Mpanda. Mimi nabaki na kuku."

Nilitaka kumwahidi kwamba nitakuja kila mwezi, lakini ruhusa za mgodi alizijua. "Ndiyo, Bibi, unabaki," nikamwambia. "Na mimi inaniuma."

Akanyanyuka. Akaunoa wembe kwenye jiwe, akanipaka povu jipya, akaanza kuninyoa huku machozi yanamtoka na mkono hautikisiki. Alikuwa amemaliza shavu la kulia kengele ya tatu ilipolia. Tukatazamana. Akaniwekea wembe kiganjani, akajifunga kanga kiunoni, akatoka mbio, yeye ambaye mwaka mzima alikuwa akilalamikia magoti.

Shavu la kushoto nilijinyoa mwenyewe bila kioo. Nilifika kanisani natokwa damu sehemu tatu. Bibi alikuwa amesimama mlangoni, amemshika mchumba wangu mkono asiondoke naye mtu, anamwambia baba mkwe mbele ya watu wote kwamba kosa la kunichelewesha ni lake yeye, na mume wa huyu binti yuko njiani anakuja.