Aliyeingia Somo la Hesabu Bila Jina

Msiniambie niliota. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu jioni, nimekunywa vikombe viwili vya chai, na nilikuwa nafundisha milinganyo. Mwalimu haoti akifundisha milinganyo. Wanaoota ni wanafunzi. Mimi ni mtu wa Kisumu, upande wa ziwa, na huu ni mwaka wa tisa nafundisha hesabu katika shule ya kutwa karibu na Kapkatet. Mambo ya wafu kutembea nilikuwa nikiyacheka waziwazi. Sasa sicheki tena, lakini kuelewa pia sielewi, na hilo ndilo linaloniudhi.

Ilikuwa hivi. Shule mbili ndogo, moja upande wa Mulot na nyingine Kedowa, zilikuwa hazina mwalimu wa hesabu. Tukakubaliana niwafundishe watahiniwa wao kwa video kila jioni. Mimi nilikaa na laptopu yangu katika ofisi ya walimu, ubao mdogo nyuma yangu. Wao walikusanyika mbele ya projekta kule kwao. Kwenye skrini nilikuwa na madirisha matatu: Mulot, Kedowa, na la Sharon.

Sharon alikuwa mwanafunzi wangu mwenyewe, Kidato cha Nne. Alikuwa amejifungua msichana wiki mbili nyuma, na mtihani ulibakisha wiki tatu. Alifuatilia somo akiwa nyumbani, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai, mtoto mapajani. Alitaka kusomea uuguzi, na bila hesabu uuguzi angeusikia tu redioni. Mama yake alikuwa ameshafariki. Aliyebaki ni nyanya yake, ambaye huku humwita kogo, na huyo kogo alikuwa amekataa kabisa kumshika mtoto. Hata kumpokea dakika mbili Sharon aoge, alikataa.

"Mwalimu, mtoto amekataa majina yote," Sharon aliniambia kwa simu. "Kogo anasema hawezi beba mtu hajui ni nani. Sasa siku ya mtihani nitamwachia nani?"

"Si mumwite Blessing mambo yaishe?" nikamjibu.

Hakucheka. Mimi nilidhani ni ubishi wa mzee tu, kwamba jina hili halimpendezi na lile ni la kisasa mno. Miaka yote hiyo na majirani, na sikuwahi kuuliza mtoto wa hapa anapataje jina. Aibu yangu.

Basi jioni hiyo mvua ilikuwa imetoka kunyesha, ukungu umelala juu ya majani chai hadi kwenye ua wa shule. Mtandao ulikuwa ukikatika na kurudi. Ulipotulia, nikaona dirisha la nne. Ndani yake kulikuwa na mwanamke aliyefunga kitambaa kichwani, amevaa sweta, ameketi mbele ya ukuta wa udongo. Umri wake sikuweza kuukisia, na mpaka leo siwezi. Alikuwa akiinua macho, anatazama ubao wangu, kisha anainama na kuandika. Chini ya picha yake hapakuwa na jina. Yale madirisha mengine yalikuwa na majina, lake halikuwa na kitu.

Sheria yetu ilikuwa moja: mtu asiyejulikana haingii darasani mwa watoto.

"Karibu, madam," nikasema. "Jina lako tafadhali?"

Akanitazama tu. Nikadhani ni mwalimu mgeni wa Kedowa. "Ni Madam Chebet?" Akatikisa kichwa, polepole. "Cherotich?" Akatikisa. "Chelangat?" Hapana. Nikaona hasira inanipanda, maana muda ulikuwa unakwenda na milinganyo imebaki ubaoni. Wale wa Mulot wakaanza kuchekacheka. Nami nikaingiwa na mzaha. Kwa kitambaa kile na sweta ile, nikatafuta jina la kizee kabisa, la yule mama anayetuletea maziwa shuleni.

"Basi wewe ni Taprandich!"

Mtoto akapiga chafya.

Ilitoka dirisha la Sharon, chafya ndogo ya mtoto mchanga, ya kawaida kabisa. Lakini kicheko cha Mulot kilikatika hapo hapo. Yule mwanamke akaweka kalamu chini, akanitazama kama mwanafunzi aliyepata jibu baada ya kufuta mara nyingi, na dirisha lake likatoweka. Kwa Sharon simu ilianguka. Nikawa naona mabati ya paa tu, na nasikia kogo wake akilia. Niliogopa, sina haja ya kuficha. Nilidhani mtoto amekufa.

"Mwalimu," msichana mmoja wa Mulot akasema kwa sauti ya chini, "umemwita na amekubali."

"Nani amekubali?"

"Mtoto. Huku kwetu mtoto anaitiwa watu wa familia wenye walikufa, moja moja. Ile jina atapigia chafya, ndio huyo amerudi."

"Na huyu mama aliyekuwa hapa, ni wa shule gani?"

"Mama gani, mwalimu? Sisi tulidhani unatuchezea."

Masomo hayo huwa nayarekodi, kwa ajili ya wanaokosa mtandao. Niliitazama rekodi hiyo mara nne. Kuna madirisha matatu. Kuna mimi, mtu mzima mwenye digrii, nikimbembeleza mtu asiyekuwepo aniambie jina lake. Je, nilichoka? Labda. Macho yalinidanganya? Ningependa sana iwe hivyo.

Jumamosi nikaenda kwa kina Sharon. Nilimkuta kogo mlangoni, mtoto amelala kifuani pake. Hakunisalimu kwanza.

"Wewe mtu ya Kisumu, nani alikwambia hiyo jina?"

Nikamweleza yote, nikitarajia anifukuze. Alisikiliza hadi mwisho.

"Alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa anaandika, mama."

"Na mkono gani?"

Nikafikiri. "Wa kushoto."

Akafunga macho. Sharon akatoka jikoni kuona kuna nini.

"Taprandich ni dada yangu, yule mdogo," akasema. "Walimu walimchapa sana juu ya hiyo mkono, lakini alikuwa anawashinda wote hesabu. Mimi nikazaa mtoto ya kwanza, na nilikuwa nachuma majani chai. Nikamtoa shule akuje anilelee. Nilimwambia ni mwaka moja tu. Hakurudi. Alikufa akiwa kwangu, bado anabeba watoto yangu." Akamfunika mtoto vizuri. "Hii siku zote niliita majina yote ya nyumba yetu. Hiyo moja ndio niliruka. Nilijua akikuja ataniuliza."

Nilikunywa chai niliyopewa na kuondoka.

Siku ya karatasi ya hesabu nilimkuta kogo nje ya lango la shule, kwenye nyasi zenye umande, mtoto mgongoni, chupa ya uji kando yake. Alikuja kila siku ya mtihani, tangu asubuhi hadi Sharon atoke kunyonyesha. Nikamwomba aingie akae ofisini, kuna kiti. Akakataa.

"Yeye alinilelea wangu," akasema. "Wacha na mimi nimlee, huyu mwingine asome."

Sharon sasa yuko mwaka wa pili wa uuguzi. Mimi bado nafundisha kwa video, ila siiti tena majina. Kila mtu hujitaja mwenyewe, na wanafunzi hunicheka kwa hilo. Mchungaji wangu sijamwambia. Mke wangu nilimwambia, akazima taa akalala, na hatujalizungumza tena. Wakati mwingine katikati ya somo najikuta nahesabu madirisha, nahesabu tena, halafu nasahau nilikuwa nafundisha nini.

Kwa hiyo nakuonya, wewe unayefundisha kupitia skrini. Mtu akiingia bila jina, mwache aandike. Usimkisie. Mimi nilikisia kwa mzaha, na nikaitikiwa.