Zimwi Lenye Saa ya Mkono

Domingo alikuwa mtu pekee pale Mtwara aliyekwenda sinema kumtazama mtu asiyeonekana. Sisi wengine tulimfuata stelingi, maana stelingi hafi, na ukishatoa pesa yako hutaki kuzika mtu. Yeye aliingia mapema, akakodolea macho majina ya mwanzoni mpaka lipite la mwongozaji, yule bwana anayekaa nyuma ya kamera na kuwaambia waigizaji simama hapa, piga ukelele pale. Likishapita ndipo anaegemea kiti. "Huyu fundi," atasema. Au: "Leo tumeliwa."

Mimi nilikuwa nauza korosho za kukaanga mlangoni pa sinema hiyo, na mwenye sinema aliniruhusu kuingia taa zikizimwa. Nyumbani tulikaa ua mmoja, Magomeni ya hapo Mtwara: mimi chumba cha mbele, Domingo na mkewe Carlota chumba cha nyuma. Basi tulibishana njia nzima, kwenda na kurudi, na sikuwa mtu wa kumwachia.

Picha za kutisha zilizofika kwetu zilikuwa hasa za mabwana wawili, Holbeki Mwingereza na Bazoti Mwitaliano. Mimi nilikuwa wa Bazoti. Kwa Bazoti unajua umelipia nini: damu, meno, kaburi linapasuka. Domingo alikuwa wa Holbeki. Kazi yake bora, alisema, ni ile ya nyumba yenye ngazi, ambayo mpaka mwisho humwoni anayeshuka, unasikia mbao zinalia tu. Mbovu ni ile ya rangi, aliyomtoa mzuka waziwazi kapakwa unga usoni. "Hapo alichoka," alisema kwa lafudhi ya kwao, "au mkewe alinnyima unga wa kutosha." Kwa Bazoti alikubali picha ya kisima tu, pale ndoo inapovutwa ikiwa nzito kuliko maji. Mengine yote takataka, na takataka kuu ni lile zimwi la ziwani.

Hapo tulikubaliana. Zimwi lilitoka majini lina zipu mgongoni, likanyoosha mkono kumkaba msichana, na kwenye mkono ule, juu ya magamba, saa! Watu walipiga mbinja mpaka viti vikavunjika. Kwa muda mrefu mjini petu ukichelewa mahali uliambiwa ukamuulize zimwi saa ngapi.

Jicho hilo la Domingo halikutoka sinema. Kwao ni ng'ambo ya Ruvuma, uwanda wa Mueda, na huko alikuwa mchonga mapiko, zile sura za mti ambazo mchezaji huvaa kichwani, na sisi wanawake tunatakiwa kuamini kwamba ni mfu amefufuka. Tunajua, bila shaka. Adabu ni kutojua. Ufundi wote uko shingoni: mti unapokutana na nguo, pasionekane. Vijana wakifika jandoni ndipo wanalivua lipiko kwa mikono yao, wanamkuta mjomba mle ndani anatiririka jasho, na hofu yao inaishia hapo. Domingo aliliamini jambo hilo kuliko alivyomwamini padri. Dawa ya hofu ni kumwona mtu aliyemo ndani.

Sasa mkewe. Vita vya ng'ambo vilipofika kijijini kwao, askari walikichoma, na Domingo wakati huo yuko Lindi kwenye mashamba ya mkonge. Carlota alivuka mto na majirani. Mama yake alibaki ndani ya nyumba. Domingo alikwenda kumpokea Kilambo, kwenye kivuko cha mto, amevaa shati jipya na saa mpya ya mkono, jasho la mkonge hilo, akidhani mkewe atafurahi kumwona amekuwa mtu. Carlota alimtazama, akarudi nyuma.

Tangu hapo alikuwa anaisha. Mlango ukigongwa, yuko mvunguni. Hospitali walisema hawaoni ugonjwa, padri alimwombea, mganga alimfukiza, na mifupa ikazidi kutokeza. Kwangu alipokea uji, vijiko vichache. Kwa mumewe hakupokea hata maji. Mkono wa Domingo ukimkaribia, anageukia ukutani. Domingo aliamini analaumiwa kwa kutokuwepo siku ile. Nilimwona mwanamume mzima kainamia kinu changu analia.

"Dada Mwanahawa, nke wangu anakufa na mimi nantazama tu."

Mfa maji haachi kutapatapa. Asubuhi moja alinifuata mlangoni pa sinema, macho mekundu. "Nataka lile zimwi la ziwani lirudi," akasema. Nilicheka. Kisha nikauona uso wake, nikaweka kapu chini.

Alitaka Carlota amwone mtu ndani ya zimwi. Lipiko ni mwiko kulivua mbele ya mwanamke, wenzake wangemtenga. "Letu siwezi," alisema. "Acha Bazoti anvulie lake." Holbeki na ufundi wake wote hakumfaa kitu sasa, maana Holbeki anaficha. Alihitaji picha mbovu kuliko zote.

Mwenye sinema alikataa, akikumbuka viti vyake. Domingo alimpigia magoti barabarani, watu wanapita, nami nikawakasirikia wote wawili. Mwisho Domingo akampa kinyago cha mpingo ambacho siku zote alikataa kukiuza, na picha ikaagizwa Dar es Salaam, ikaja na meli.

Tuliingia Jumamosi mchana. Carlota tulimweka katikati yetu, mimi kulia, Domingo kushoto, na muda wote alikuwa ameniegemea mimi. Majina yalipopita Domingo hakuyatazama. Alikuwa anamtazama mkewe. Zimwi likatoka majini. Ukumbi ukaanza kucheka kabla ya wakati, maana walikuwa wanaijua. Mkono ukanyooshwa.

"Unaona?" Domingo alisema, karibu kwa kilio. "Ni ntu yule! Ana saa ya nkono. Ntu tu, Carlota!"

Carlota hakupiga kelele. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini kila neno nililisikia.

"Nimeona. Ntu," alisema. "Hata wale walikuwa watu. Aliyechoma nyumba ya mama alitazama saa kwanza."

Watu walikuwa wanapiga mbinja. Domingo aliuangalia mkono wake mwenyewe, ule uliokuwa karibu na mkewe, kama si wake. Nilimhurumia, na nikamkasirikia pia: tangu Kilambo alikuwa anajaribu kumlisha kwa mkono ule. Akaifungua saa, mkanda ukamshinda mara ya kwanza, akainyoosha kwangu nyuma ya kiti. Niliitia kwenye kapu la korosho.

Kubishana juu ya Holbeki na Bazoti hakubishana tena. Nilimchokoza mara kadhaa, kwa kumpenda tu, akatikisa kichwa.

Jioni ya Jumamosi ile, uani, Carlota alipokea tonge la ugali kutoka mkononi mwa mumewe. La pili alilikataa, na Domingo hakumlazimisha.